Kitanda na Sahani: Mambo Mawili Ambayo Mwanafunzi Mpya wa Chuo Kikuu Hudhani ni Moja

Kila mwaka kati ya Oktoba na Novemba, vyuo vikuu vya Tanzania vinapofungua mwaka wa masomo, utamwona kijana akishuka kwenye daladala na begi la shangazi kaja begani, ndoo yenye mfuniko mkononi na bahasha ya kaki yenye vyeti vyake kwapani. Akishamaliza foleni ya usajili, huuliza maswali mawili kwa pumzi moja: nitalala wapi, na chakula ni saa ngapi? Swali la kwanza lina jibu, ingawa ni refu. Hilo la pili ndilo linalowachekesha wenyeji, kwa sababu chuoni hakuna saa ya chakula. Hakuna kengele, hakuna zamu ya kugawa ugali, wala hakuna mwalimu wa zamu anayesimama mlangoni pa bwalo.

Kijana huyo hana kosa. Sehemu kubwa ya wanaoingia chuo kikuu wametoka kidato cha sita katika shule za bweni, na katika shule ya bweni kitanda na sahani ni kitu kimoja. Ukipokelewa umepokelewa pamoja na tumbo lako. Ukishaingia, maharage yamelipwa. Ni jambo la kawaida kabisa kwake kufikiri kwamba chuo kikuu ni shule ya bweni iliyo kubwa zaidi. Matatizo mengi ya mwaka wa kwanza, kuanzia madeni ya duka la jirani hadi kulala kwa kuhamahama, huanzia kwenye dhana hiyo, na kwa hiyo inafaa tuifumue polepole.

Kuna mambo matatu ambayo barua ya kuchaguliwa huyafanya yaonekane kuwa moja: kupata chuo, kupata mkopo na kupata kitanda. Kila moja huamuliwa na mkono wake. Nafasi ya masomo hutolewa na chuo chenyewe chini ya usimamizi wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU. Mkopo hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, ambayo ina vigezo vyake na majina yake, na majina hayo hutoka kwa awamu, si yote kwa siku moja. Kitanda hugawiwa na ofisi ya malazi ya chuo, ambayo kwa kawaida iko karibu na ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, na ambayo nayo ina fomu yake, tarehe yake ya mwisho na orodha yake ukutani au mtandaoni. Mtu anaweza kuwa na la kwanza bila la pili, au na la pili bila la tatu. Chakula hakimo katika orodha yoyote kati ya hizo. Hicho kimeachwa mikononi mwa mwanafunzi mwenyewe na mfuko wake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 kama chuo chini ya Chuo Kikuu cha London na kuhamia kilima cha Mlimani mwaka 1964, kililea vizazi vya wanafunzi waliokuwa kama wageni wa serikali. Serikali iliwalipia masomo, ikawalaza na kuwalisha kwenye mabwalo. Ukikaa na mzee aliyesoma pale miaka ya sabini, usishangae akianza kukusimulia kuku wa Jumapili kabla hajakusimulia wahadhiri. Mambo yalibadilika mwaka 1992, serikali ilipoanza sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu kwa hatua. Hatua iliyogusa kitanda na sahani ilikuja mwaka 1994: gharama za chakula na malazi zilihamishiwa kwa mwanafunzi, na kuanzia Julai mwaka huo serikali ikaanza kumkopesha fedha za kuzilipia. Mwaka 2004 ilitungwa sheria ya kuunda Bodi ya Mikopo, ambayo ilianza kazi Julai 2005. Kwa maneno mengine, sahani ambayo zamani ilikuwa haki iligeuka kuwa bidhaa, na mlaji wake akawa mdaiwa. Anayekula wali leo kwa fedha ya mkopo atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake atakapoajiriwa, tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016.

Fedha hiyo ya mkopo inayoingia mkononi mwa mwanafunzi ndiyo inayoitwa bumu. Neno hilo hulikuti kwenye nyaraka za Bodi, ambako huandikwa tu kwamba ni fedha za chakula na malazi, lakini nje ya nyaraka hakuna anayelitamka kwa jina jingine. Kiwango chake kimepanda kidogo kidogo: kilikuwa shilingi 5,000 kwa siku, kikawa 7,500 mwaka 2011, baadaye 8,500, na tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kikafika shilingi 10,000. Hicho ni kiwango cha juu, na si kila mwenye mkopo hupewa mafungu yote kwa ukamilifu, kwa maana mkopo hupangwa kulingana na uhitaji. Kuna pia fungu la vitabu na viandikwa, ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huliona kama zawadi, halafu baada ya wiki tatu hulikumbuka kama marehemu.

Jambo la kuelewa kuhusu bumu ni namna linavyokuja, kuliko kiasi chake. Haliji kila siku, ingawa hupimwa kwa siku. Huja kwa mikupuo, na kila mkupuo ni wa siku kama 60. Ndiyo maana zama za 8,500 kila mwanafunzi alijua namba 510,000 kwa moyo, na zama hizi anaijua 600,000. Halafu haliji siku ile unayofika. Lazima kwanza usajiliwe, akaunti yako ya benki ihakikiwe, jina lako lije katika orodha ya malipo, ndipo usaini. Zamani kusaini kulikuwa kupanga foleni kuanzia alfajiri mbele ya meza yenye karatasi. Siku hizi hufanywa kwa njia ya kielektroniki, ila usiposaini, fedha haisogei. Kwa hiyo wiki za mwanzo, ambazo ndizo zenye matumizi mengi ya kununua ndoo, chandarua, shuka na kulipa kitanda, ndizo wiki ambazo bumu bado liko njiani. Mzazi anayemwambia mwanawe aende tu kwa sababu mkopo amepata hajui kwamba anamsindikiza kijana kwenye wiki mbili au tatu za kuishi kwa fedha ya nyumbani.

Sasa tuchukue penseli. Tuseme mwanafunzi amepata bumu kamili la shilingi 600,000 kwa siku 60, na amebahatika kupata kitanda ndani ya chuo kinachotozwa shilingi 1,000 kwa siku. Ninatumia namba hiyo kwa sababu ni nyepesi kukokotoa, viwango halisi hutofautiana kati ya chuo na chuo. Muhula wa wiki 17 una siku 119, kwa hiyo atalipa shilingi 119,000 mara moja, kupitia namba ya malipo ya serikali anayotengenezewa kwenye mfumo wa chuo. Atabaki na 481,000, ambazo ukizigawa kwa siku 60 ni kama shilingi 8,000 kwa siku. Mkupuo wa pili utakapokuja, kitanda hakidai tena hadi muhula unaofuata.

Mwenzake amekosa kitanda, akatafutiwa chumba Msewe, Changanyikeni au Makongo, mitaa ya jirani na Mlimani. Tuseme chumba ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hataki kodi ya mwezi mmoja; anataka ya miezi sita, na wengine hutaka ya mwaka. Miezi sita ni 480,000. Dalali aliyemzungusha kwenye vichochoro anadai kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, nayo ni 80,000. Jumla imefika 560,000, na katika zile 600,000 zimebaki 40,000 za kula siku 60, bila godoro, bila meza, bila balbu, kwa sababu chumba cha mtaani hukabidhiwa kikiwa na sakafu na kuta tu. Hata wakipanga wawili, kila mmoja hutoa 280,000 na kubaki na kama 5,300 kwa siku, kabla ya nauli.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kitanda cha chuoni hugombewa kama tiketi za mechi ya Simba na Yanga. Watu wengi hudhani sababu ni bei. Bei ni sababu, lakini si kubwa kuliko namna ya kulipa. Bodi hulipa kwa miezi miwili miwili, mwenye nyumba hudai kwa miezi sita sita, na mwanafunzi ndiye anayebaki katikati akijaribu kuziba pengo hilo kwa tumbo lake. Hosteli ya chuo ndiyo mwenye nyumba pekee jijini Dar es Salaam anayefuata kalenda ileile anayofuata mwanafunzi.

Vitanda vyenyewe ni vichache kuliko vichwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina majengo ya zamani ya Mlimani yanayojulikana kwa namba, kina hosteli za Mabibo zilizo nje ya kilima, ambako mkazi wake lazima ahesabu usafiri wa kwenda na kurudi darasani, na kina hosteli zinazoitwa za Magufuli. Hizi za mwisho zilijengwa na Wakala wa Majengo Tanzania kwa shilingi bilioni 10. Jiwe la msingi liliwekwa Oktoba 2016 na uzinduzi ukafanyika Aprili 2017. Ni majengo 20 ya ghorofa, kila moja likiwa na nafasi ya wanafunzi 192, na jumla yake ni vitanda 3,840. Ni idadi kubwa kwa mradi mmoja, na bado ni sehemu ndogo ya mahitaji ya chuo chenye wanafunzi makumi ya maelfu. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 kwa lengo la kufikisha wanafunzi 40,000, kilipangwa tangu mwanzo kikiwa na hosteli ndani ya eneo lake, kwa hiyo huko mgeni husumbuliwa zaidi na umbali wa kutoka ndaki moja, yaani kitengo kikuu cha masomo, hadi nyingine kuliko mahali pa kulala.

Panapokuwa na uhaba huwa kuna mpangilio wa nani atangulie. Kwa kawaida wenye ulemavu na wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupewa kipaumbele, na wasichana huangaliwa kwa jicho la pekee. Kipaumbele si uhakika. Anayechelewa kuomba hupoteza, na anayepangiwa akachelewa kulipa hupoteza pia, maana nafasi isiyolipiwa ndani ya muda hurudishwa kwenye mfumo na kuchukuliwa na mwingine. Wengi hukosa kitanda kwa njia hii ya pili: jina lao lilikuwepo, ila walikuwa wakingoja bumu ndipo walipe. Kama kuna shilingi moja ya kukopa kwa mjomba kabla ya kusafiri, basi ni hiyo ya kitanda.

Mahali ambapo sheria haikutosha, wanafunzi walijitungia utaratibu wao, nao unaitwa kubebana. Mwenye kitanda humchukua mwenzake asiye nacho wakalala wawili. Aliyepangiwa ni mbebaji, aliyekuja ni mbebwa. Utaratibu huu umekatazwa na kanuni za hosteli takribani zote, na adhabu yake inaweza kuwa kupoteza kitanda chenyewe, lakini undugu wa shule moja au kijiji kimoja huwa na nguvu kuliko tangazo lililobandikwa mlangoni.

Mimi mwenyewe nilibebwa muhula mzima, katika chuo ambacho sitakitaja, na rafiki niliyesoma naye kidato cha tano. Kitanda kilikuwa cha futi tatu na nusu, cha chini katika vile vya ghorofa, na tulilala mzungu wa nne, miguu yake ikiwa jirani na sikio langu. Tulikuwa na mpango wa saa: yeye alisoma kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege ya nje, hadi saa sita usiku, mimi nikalala, akirudi, ninaamka ninakwenda kusoma hadi alfajiri. Begi langu lilikaa chini ya uvungu, nguo zangu zilikauka kwenye kamba ya jirani, na kila msimamizi wa hosteli alipopita na daftari nilikuwa mgeni aliyekuja kuazima kitabu. Siulaumu wala kuusifu utaratibu huo. Ninasema tu kwamba mwanafunzi mpya aujue ulivyo, kwa sababu ataombwa kubeba, au atalazimika kuomba abebwe, kabla hajamaliza wiki mbili.

Atakayepata kitanda aulize vitu vitatu kabla hajabeba mzigo kutoka nyumbani: je, godoro lipo au analeta mwenyewe, je, maji hutoka kila siku au ndoo ndiyo bomba, na je, soketi za umeme zinaruhusiwa kwa kitu gani. Hilo la tatu ndilo lenye kesi nyingi. Pasi na chaja havina ugomvi. Jiko la umeme na hita ya kuchemshia maji kwa kawaida vimepigwa marufuku, kwa sababu nyaya za majengo mengi hazikusukwa kwa ajili ya vyumba vinavyopika, na fyuzi ikiruka usiku wa kuamkia mtihani jengo zima litamtafuta aliyekuwa akipika ugali. Hata hivyo watu hupika. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa saa tatu usiku katika ghorofa ya tatu haihitaji maelezo, na msimamizi mwenye busara hujua asipande ngazi saa hiyo.

Wanapika kwa sababu ya hesabu, na hapo tunaingia kwenye sahani. Kafeteria za vyuo vingi haziendeshwi na chuo. Chuo hutoa jengo na kutangaza zabuni, mzabuni akapewa mkataba, na bei za vyakula vya msingi hujadiliwa, mara nyingi serikali ya wanafunzi ikiwa mezani. Mzabuni ni mfanyabiashara kama mwingine: bei ya mchele ikipanda sokoni, sahani hupanda bei au hupungua uzito, na aghalabu huanza kupungua uzito. Mwanafunzi hulipa kwanza dirishani kwa fedha taslimu au kwa lipa namba, hupewa kikaratasi, kisha hupanga foleni ya pili ya kupakuliwa. Saa saba mchana foleni hiyo hutoka nje ya mlango. Ifikapo saa nane wali maharage, ambao ndio wa bei ya chini, umekwisha, umebaki wali nyama. Anayetoka kipindi cha saa nane kasoro dakika kumi huwa anakula chakula cha ghali zaidi bila kupenda. Ratiba ya darasa, kwa namna hiyo, ni sehemu ya bajeti.

Mama anayepakua humjua mteja wake. Kijiko chake cha maharage kina kipimo kimoja kwa mgeni na kingine kwa yule anayemsalimia kila siku na kumuuliza hali ya watoto, na sijawahi kusikia mwanafunzi wa mwaka wa tatu akilalamikia mchuzi. Nje ya uzio wapo akina mama ntilie wengine, wenye meza ya mbao na sufuria tatu, na bei zao ni nafuu kwa sababu hawalipi pango la jengo. Ubaya wao ni kwamba hawana maji ya bomba, na msimu wa mvua tumbo hutoa risiti yake. Wapo pia wauza chipsi za jioni. Chipsi mayai ni adui mtamu wa bumu: hailiwi kwa mpango, huliwa kwa sababu rafiki amesema twende.

Tuendelee na ile penseli. Yule mwenye kitanda chuoni alibaki na shilingi 8,000 kwa siku. Tuseme chai na chapati mbili ni 1,500, mlo wa mchana 2,500 na wa usiku 2,500. Jumla ni 6,500, na zimebaki 1,500 za sabuni, vocha, nakala za maswali ya mitihani iliyopita na nauli ya kwenda kumsalimia shangazi. Maisha hayo yanawezekana. Yule aliyepanga na mwenzake ana 5,300, kwa hiyo mlo mmoja kati ya mitatu lazima uondoke au upikwe nyumbani. Kuondoa mlo kuna jina lake: kupiga pasi ndefu. Mtu hulala hadi saa nne, hunywa maji, hujivuta hadi saa tisa alasiri, kisha hula sahani moja kubwa itakayobeba asubuhi, mchana na usiku. Pasi ndefu ya siku moja moja ni mzaha. Ikiwa ya wiki mbili mfululizo, kwa kawaida wiki za mwisho kabla ya mkupuo unaofuata, huonekana darasani kwa macho. Mhadhiri wa kipindi cha saa nane mchana anaijua ingawa hajui jina lake.

Dawa ambayo nimeona ikifanya kazi ni watu wanne wa chumba kimoja au wa jirani kuweka mchango wa unga, mchele, mafuta na maharage siku ileile bumu linapoingia, kabla halijagawanyika kwenye viatu na simu, halafu fedha iliyobaki ndiyo ikawa ya kafeteria. Waliopanga mtaani huweza kufanya hivyo waziwazi kwa jiko la gesi la mtungi mdogo. Wa hosteli hutegemea kama jengo lao lina jiko la pamoja au halina. Wasio na mkopo kabisa, ambao makala nyingi huwasahau, wanaishi kwa fedha ya nyumbani inayokuja kwa simu kidogo kidogo, na kwao mchango wa namna hii una faida nyingine: huwa hawaonekani kuwa tofauti.

Mwisho wa muhula kitanda hurudishwa. Chumba hukaguliwa, ufunguo hukabidhiwa, kioo kilichovunjika hukatwa kwenye fedha ya dhamana, na mizigo hupelekwa stoo au kwa ndugu. Mwaka wa kwanza ukiisha, kipaumbele nacho huisha. Oktoba inayofuata mwanafunzi huomba upya akiwa katika kundi la wanaoendelea, nyuma ya wageni wapya wenye mabegi ya shangazi kaja. Ndiyo maana wajanja huanza kutafuta mwenza wa kupanga naye Msewe tangu Mei, wakati madalali bado hawajapandisha bei, na huweka kando sehemu ya mkupuo wa mwisho kwa ajili ya ile miezi sita ya mwenye nyumba.